Pini ya utambi hutoka kwa chini

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa Songea. Kazi yangu ni ushonaji, ila tangu mwaka jana natengeneza pia mishumaa mifupi ya nadhiri, ile inayowashwa ndani ya vikombe vya glasi mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Shida yangu ni utambi. Naufunga kwenye kijiti cha mishikaki juu ya kalibu, namwaga nta, na nikirudi nakuta umelalia upande mmoja. Mdogo wangu aliyeko Ujerumani akanitumia pini 12 za utambi, hazikuwa na maelezo. Nikazisimamisha kwenye kalibu, nikamwaga nta mpaka ikazifunika, na asubuhi nikachokoa ncha nizing'oe kwa plaizi. Mishumaa 7 ikapasuka, nikaiacha iliyobaki. Nakosea wapi? Na pini zaidi nitazipata wapi huku? Parokiani wanataka mishumaa 200 kabla ya Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwenye plaizi ndipo nilipoliona tatizo. Pini umezivuta upande usio wake.

Chukua moja uitazame vizuri. Ni kijiti cha chuma kilichosimama katikati ya kisahani cha duara, kama msumari uliosimamishwa juu ya kichwa chake. Ndani ya kalibu, kisahani hulala chini na kijiti husimama. Nta ikishaganda, kisahani kinabaki kwenye kitako cha mshumaa. Ukikamata ncha ya juu na kuvuta, unakilazimisha kisahani kizima kipite katikati ya nta. Lazima ipasuke.

Pini hutoka kwa chini. Toa kwanza mshumaa kwenye kalibu, pini ikiwa bado ndani. Weka ubao wa kukatia mboga mezani, geuza mshumaa ili ncha ya pini iguse ubao na kisahani kitazame juu, kisha ushike kwa mikono miwili na kukandamiza taratibu, wima kabisa. Utasikia mlio mdogo, tik, na kisahani kitainuka milimita chache. Hapo kikamate kwa vidole uvute bila kuzungusha. Kinachobaki ni tundu lililonyooka katikati ya mshumaa, na mdomo wake wa chini umebonyea kidogo pale kisahani kilipokuwa.

Sasa umeelewa kwa nini nta haitakiwi kuifunika ncha. Iache ichungulie milimita 3 hadi 5. Isipochungulia, huna pa kuikandamizia. Hizo 5 ulizoziacha ziokoe hivi: kwangua nta ya juu kwa kisu mpaka ncha ijitokeze, kisha fanya kama nilivyokueleza.

Tundu likipatikana, chukua utambi uliokwisha kuchovywa kwenye nta na kubanwa kwenye kibati chake kidogo. Upitishe kutokea chini hadi utokeze juu, na kibati kikae ndani ya ule mbonyeo. Pasha kikaango moto kidogo, gusisha kitako cha mshumaa sekunde mbili au tatu, nta itayeyuka na kukifunga kibati. Juu kata utambi ubaki milimita 6 hivi.

Mimi nilihamia kwenye pini kwa sababu ya jambo lililonitokea hapa Moshi, mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari. Wakati huo nilikuwa nafunga tambi kwenye vijiti kama wewe. Jioni moja mama mmoja aliwasha mshumaa wangu kwenye groto, lile pango la sanamu ya Bikira Maria, akiomba kwa ajili ya mtoto wake aliyelazwa. Utambi ulikuwa umeegemea upande, moto ukawa unalamba glasi sehemu moja, na glasi ikapasuka mbele yake akiwa bado amepiga magoti. Aliniambia amehisi sala yake imekataliwa. Nilikaa naye kwenye benchi nikamweleza kwamba kosa ni la utambi wangu, nikawasha mwingine nikasubiri naye mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo siuzi mshumaa ambao utambi wake haujakaa katikati.

Pini ina faida nyingine ambayo mimi naithamini kuliko hata kunyoosha. Ukimwagia nta juu ya utambi, umeshaamua. Ukikosea unene, kundi zima limeharibika. Kwa pini unapata mishumaa iliyo sawasawa, mitupu, kisha unaijaribu. Kabla ya hiyo 200, chukua mitatu, itie tambi za unene tofauti, iweke kwenye vikombe vilevile vya parokiani, washa kwa pamoja na uitazame kwa saa mbili. Utambi mwembamba utachimba shimo katikati na kuacha nta pembeni. Mnene utatoa moshi na kuvaa kichwa cheusi kama uyoga. Unaofaa utayeyusha nta mpaka ukutani mwa glasi, moto ukiwa umetulia. Chukua tambi za pamba zilizosukwa. Uzi wa kushonea uliousokota hautakufaa, maana utambi uliosukwa hujikunja kidogo ukiwaka, ncha yake ikatoka kwenye ulimi wa moto na kuteketea yenyewe. Na usisahau kwamba mshumaa wa namna hii huyeyuka wote na kuwa maji ndani ya glasi. Kikombe kikiwa kipana mno, nta hutawanyika na moto hufa mapema.

Kumwaga nta sitakuchosha. Iyeyushe kwenye jagi la alumini lililo ndani ya sufuria ya maji, usiliweke jagi moja kwa moja juu ya moto. Ninaposema nta ya parafini nina maana ya ile nyeupe ya mabonge. Kuna msomaji aliwahi kudhani ni mafuta ya taa, na hilo lingeweza kuleta msiba. Mwaga ikiwa nyuzi 75 hadi 80. Ikianza kuganda utaona shimo linazama kuizunguka pini, kwa sababu nta hunywea ikipoa. Toboa vitundu viwili karibu na pini kwa kijiti cha mishikaki, subiri ishike, kisha ongeza nta ya moto zaidi kidogo. Usivuke mstari wa mwanzo. Ukivuka, nta hupenya kati ya mshumaa na kalibu, na hapo kuutoa ni vita. Ukitumia nta ya nyuki, hii inayotoka Tabora, ujue inanata kuliko parafini. Paka pini mafuta kidogo sana ya alizeti, ufute kwa kitambaa, ndipo umwage. Iache ipoe yenyewe. Friza huipasua.

Kuhusu pini zaidi, usihangaike kuagiza nje. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe spoku za zamani zilizonyooka. Spoku ya kawaida ni nene milimita 2, na hiyo inatosha utambi mwembamba. Fundi wa kuchomelea ataikata urefu unaouzidi kidogo mshumaa wako na kuishikisha kwenye kisahani cha bati kinachoingia chini ya kalibu yako bila kubana. Mwambie aisugue kwa msasa laini mpaka kidole kisikwame popote, kwa sababu kila kikwaruzo kitashika nta. Na simama palepale uangalie kama imesimama wima, maana pini iliyoinama itakupa utambi ulioinama. Ukitengenezewa 24 na kuongeza 12 zako, unakuwa na 36. Kama kalibu unazo za kutosha, raundi mbili kwa siku ni mishumaa 72, na siku ya tatu umevuka 200.

SWALI: Mama, habari zako. Niko Nakuru. Mimi pini nilijitengenezea kwa misumari ya inchi tatu. Zinatoka vizuri sana, lakini utambi unacheza ndani ya tundu, na mshumaa ukiwashwa moto unateremka shimoni na kuzimika. Nifanye nini na mishumaa 30 niliyo nayo tayari?

JIBU: Nzuri, mwanangu. Msumari huo ni mnene mno. Tundu linatakiwa liushike utambi, kiasi cha wewe kulazimika kuusukuma kidogo ili upite. Likiwa wazi, nta ya kwanza kuyeyuka hukimbilia chini, moto ukaifuata.

Usiitupe hiyo 30. Tia utambi, ziba kitako kwa kukigusisha kwenye kikaango cha moto, simamisha mshumaa wima, kisha tone kwa tone jaza tundu kutoka juu kwa kijiko cha nta iliyoyeyuka huku ukiushika utambi umenyooka. Rudia mara mbili, kwa kuwa nayo itanywea. Washa mmoja kwa saa nzima kabla ya kuendelea na mingine, na mfuniko wa sufuria uwe karibu na mkono wako unapoyeyusha. Nta ikishika moto, ifunike na uzime jiko. Usiimwagie maji hata kidogo.