Niliapa kwa msahafu kumpa kura, nikampa mwingine

SWALI

Assalamu alaykum Shekhe. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Likoni, nauza viazi karai na bajia jioni. Mwaka 2022, siku chache kabla ya kura, wakala wa mgombea mmoja alitukusanya akina mama nyumbani kwa jirani. Kila mmoja alipewa leso, paketi mbili za unga na shilingi 500, kisha akatoa msahafu, tukaapa kwamba kura ya rais ni ya mtu wake. Niliapa. Nilipofika kwenye kibanda cha kura moyo ulikataa, nikampa mwingine niliyemuona ndiye afaaye. Tangu siku hiyo sina raha.

Sasa 2027 inakuja na nyumbani maneno hayaishi. Mume wangu asema ni haramu kumpigia kura asiyekuwa Muislamu, tena kura yangu lazima ifuate yake. Kaka yangu asema kura haina dini, mtu afuate mrengo wenye kitu. Jirani yangu Mkristo asema kwao wameambiwa wachague mcha Mungu tu, basi. Shekhe, imani yangu ina nafasi gani ninapochagua rais? Na kile kiapo nifanyeje?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na kiapo, mama, maana ndicho kinachokunyima raha.

Kiapo chako kilifungika. Kuapa kwa msahafu, kwa wanazuoni walio wengi, ni kuapa kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, na aliyewatolea msahafu ule aufanye risiti ya kununulia watu ana hesabu yake mbele ya Mola wake. Lakini si kila kiapo hutimizwa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alisema: mwenye kuapa jambo, kisha akaona jingine lililo bora kuliko hilo, na alifanye lililo bora na akitolee kafara (fidia) kiapo chake. Wewe uliapa, kwa malipo, kutoa ushahidi ambao moyo wako hauuamini. Kukivunja ndiko kulikokupasa, na kosa lilikuwa kule kuapa.

Kafara imetajwa katika Sura al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. (Kumwacha huru mtumwa nako kumetajwa, lakini leo mtumwa yuko wapi.) Kwetu sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, kila maskini apewe kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini, mchele au unga wa mahindi. Ukipima robo tatu ya kilo kwa kila mmoja utakuwa umejihakikishia. Ukiwapa pesa badala ya chakula, haitoshi. Na kama viazi havikubakishii cha kulisha watu kumi baada ya watoto wako, funga siku tatu, wala si lazima zifuatane.

Leso, unga na zile 500 ni rushwa. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji. Sheria ya uchaguzi ya Kenya nayo inawatia hatiani wote wawili, ingawa nimeona wapokeaji wengi wakidhani hatia ni ya mtoaji peke yake. Mali ya rushwa haiingii milkini mwako, hurudishwa kwa mwenyewe. Ikiwa wakala yule hapatikani, au unajua ukimrudishia ataenda kumnunua mama mwingine, basi toa thamani yake kwa maskini kwa nia ya kujivua mali isiyo yako, si kwa nia ya sadaka. Usiichanganye na kafara, kila moja ina hesabu yake. Kama huna kwa mkupuo, toa kidogo kidogo.

Tuje kwenye imani na kura.

Wako wanazuoni wanaojitenga na kura kabisa, na wana hoja zao. Siwabezi, ila sifuati rai yao. Ninayoitegemea ni ile iliyoelezwa vizuri na Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, kwamba kura ni ushahidi: unapotia alama unashuhudia kuwa mtu huyu anafaa kwa kazi hii. Tena ni shafaa, yaani unamwombea mtu apewe cheo, na Sura an-Nisaa, aya ya 85, inasema mwenye kuombea jema ana fungu lake katika hilo jema, na mwenye kuombea baya ana mzigo wake katika hilo baya. Ukishaiona kura hivyo, maswali mengi ya nyumbani kwako yanajipanga yenyewe. Kwani shahidi huulizwa nini mahakamani? Haulizwi kwanza mshtakiwa anasali wapi. Huulizwa: wewe unamjua vipi?

Sayyidna Umar (r.a.), khalifa wa pili, alimuuliza hivyo mtu mmoja aliyekuja kumshuhudia mwenzake. Je, wewe ni jirani yake, unajua usiku wake na mchana wake? La. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu, ambapo uaminifu wa mtu hujulikana? La. Umesafiri naye, ambapo tabia ya mtu hujulikana? La. Basi labda umemuona msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua? Yule mtu akasema, ndiyo. Umar akamwambia: nenda, humjui.

Kila mwaka wa kura nalikumbuka jambo hili. Wanakuja Ijumaa na kanzu zilizobaki na mikunjo ya dukani, wakae safu ya mbele wapigwe picha. Mmoja aliwahi kunipa bahasha baada ya sala, nami nikamwambia sanduku la msikiti liko mlangoni, atie mwenyewe. Hakutia. Sasa mimi nimeshamuona akiinama na kuinuka, lakini kwa kipimo cha Umar bado simjui. Aliyemjua ni mfanyakazi wake anayedai mishahara ya miezi, na mwananchi aliyefika ofisini kwake kutafuta hati ya shamba akazungushwa. Hao ndio mashahidi wa kuwasikiliza.

Mumeo ana hoja, nisimvunjie heshima. Anategemea Sura al-Maida, aya ya 51, isemayo tusiwafanye Mayahudi na Wakristo kuwa mawalii. Lakini mawalii pale ni kuungana na watu dhidi ya Waislamu na kuwakabidhi siri zao, na Sura al-Mumtahina, aya ya 8, imetubainishia kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu. Rais wa Kenya si imamu wetu. Ni mtu aliyeajiriwa na wote chini ya Katiba isemayo, kifungu cha 8, kwamba dola haina dini. Hasalishi wala hafungishi ndoa zetu, na Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba hiyohiyo, kifungu cha 170. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba kazi ya hazina kwa mfalme wa Misri asiyekuwa wa dini yake, akitaja sifa mbili zake: mtunzaji na mjuzi. Na masahaba walipoteswa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Uhabeshi, kwa sababu huko kuna mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Mfalme huyo, Najashi, wakati huo alikuwa Mkristo. Sifa aliyosifiwa nayo ni hiyo ya kutodhulumu.

Tena mumeo atazame karatasi ya kura yenyewe. Mwaka 2022 wagombea urais walikuwa wanne, na hapakuwa na Muislamu. Kwa sensa ya 2019 sisi ni kama asilimia 11 ya Wakenya, na rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kwa fatwa ya haramu, Muislamu angekaa nyumbani. Na uchaguzi ule tofauti ya wawili wa juu ilikuwa kura 233,211. Kukaa nyumbani nako kuna uzito wake kwenye mizani, na Sura al-Baqara, aya ya 283, inatukataza kuficha ushahidi. Siku karatasi itakapokuwa na Muislamu, naye atapimwa kwa kipimo hichohicho. Jina la Muhammad ni baraka kwa mwenye kulibeba vizuri, si hati ya uaminifu.

Lakini je, Waislamu wasipeleke haja zao kwa mgombea? Wapeleke. Agosti 2007 baadhi ya viongozi wetu walitia saini makubaliano na Raila Odinga, aliyekuwa akiwania urais, kuhusu manung'uniko ya kweli, likiwemo la watu kukamatwa na kusafirishwa nje ya nchi kwa jina la ugaidi. Kudai haki ni dini. Makosa, kwa maoni yangu, yalikuwa mawili. Karatasi ya makubaliano haikuwekwa hadharani tangu siku ya kwanza, ikazagaa ya bandia iliyodai nchi itaendeshwa kwa sharia, na majirani zetu wakaingiwa na hofu. La pili, watu walianza kuambiwa kura ya Waislamu imeshatolewa. Ushahidi wa mtu hautiwi saini na mwingine. Nao wenzetu, mwaka 2010, viongozi wengi wa makanisa walipinga Katiba mpya kwa ajili ya suala la utoaji mimba na kwa ajili ya Mahakama ya Kadhi, na bado ikapita kwa asilimia kama 67, zikiwemo kura za Wakristo chungu nzima ambao hawakuona ubaya kwa jirani kuhukumiwa mirathi kwa dini yake. Ndiyo maana nakwambia usimdharau jirani yako. Naye anaingia kwenye kibanda na imani yake.

Anachosema kuhusu mcha Mungu, hata hivyo, hakitoshi. Mwaka 2022 mmoja wa wale wanne alikuwa mchungaji, na ndiye aliyepata kura chache kuliko wote. Silitaji kwa kumcheka. Imam Ahmad bin Hanbal aliulizwa juu ya majemadari wawili, mmoja hodari mwenye maovu, mwingine mwema dhaifu: twende vitani chini ya yupi? Akajibu kwamba hodari, uhodari wake ni faida ya Waislamu na uovu wake unamrudia mwenyewe, ama mwema dhaifu wema wake ni wake na udhaifu wake unawaangukia watu. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwambia sahaba wake Abu Dharr, ambaye ucha Mungu wake hauna shaka, kwamba yeye ni dhaifu na uongozi ni amana. Binti wa yule mzee wa Madyan alimsifia Musa (a.s.) kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Ukikosa mwenye yote mawili, na mara nyingi utakosa, tazama kazi inadai lipi zaidi. Hazina ya nchi inadai uaminifu kwanza.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu imani zetu hukasirika upande mmoja. Mgombea mmoja wa 2022 aliahidi kuhalalisha bangi, na misikitini tulisema, kwa haki kabisa. Asiyempa kura kwa sababu hiyo tu hana lawama. Lakini fedha za dawa za hospitali zikiliwa, mimbari hunyamaza. Baada ya vita vya Khaybar kuna mtumishi wa Mtume (s.a.w.), akiitwa Mid'am, aliyepigwa mshale akafa. Watu wakasema, hongera yake, amepata shahada ya kufia dini. Mtume (s.a.w.) akasema: la, naapa kwa Yule ambaye nafsi yangu imo mkononi Mwake, ile shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Shuka moja ya mali ya watu wote, na mwenye kuichukua amefia katika safari ya vita. Basi imani yako ikikukataza kumpa kura mwenye kuahidi bangi, ikukataze pia kumpa aliyethibitika kula cha umma, hata kama anachangia madrasa.

Kaka yako mpelekee hadithi moja, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemeza Siku ya Kiyama ni mtu aliyempa imamu wake, yaani mtawala, baia (ahadi ya utii) kwa ajili ya dunia tu. Akipewa huridhika, asipopewa hukasirika. Baia na kura si kitu kimoja, lakini tabia ile ni moja.

Kuhusu amri ya mumeo juu ya kura yako: ana haki nyingi kwako, hii haimo. Hakuna mume anayemshuhudilia mkewe kwa ulimi wake. Wanawake wa Madina walimpa Mtume (s.a.w.) baia wenyewe, na aya ya 12 ya Sura al-Mumtahina ikawataja. Bibi Umm Salama (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa akichanwa nywele aliposikia Mtume (s.a.w.) akiita mimbarini, "Enyi watu!" Akamwambia anayemchana aache. Yule akasema: ameita wanaume, hakuita wanawake. Akajibu: mimi pia ni katika watu. Katiba nayo imekupa kura ya siri, hulazimiki kumwambia yeyote, na kunyamaza si uongo. Usimtolee maneno makali, wala usimdanganye.

Umeuliza pia, bila kulisema wazi, kama yule uliyempa kura akiharibu dhambi inakufikia. Ndugu zake Yusuf walimwambia baba yao: hatukushuhudia ila tuliyoyajua, na sisi si walinzi wa ghaibu. Ulishuhudia ulichokijua siku ile. Ukishajua zaidi, kuna 2027.

Anza na kafara wiki hii, Jumatatu au Alhamisi kama ni ya kufunga. Na mumeo akitaka kunisuta kwa niliyosema juu ya aya ile, baada ya Isha nakuwa barazani nje ya msikiti, kahawa ipo.

Wallahu a'lam.