Vita vilevile, washindi wawili
Ndugu, umesema hadithi za wanasiasa ni maneno matupu, kinachoamua usalama ni mizinga. Hapo sikubaliani nawe. Tazama India na Pakistani. Vita vya 1965 viliisha kwa kusitisha mapigano, na makubaliano ya Tashkent ya Januari 1966 yakarudisha majeshi yalikokuwa mwanzo. Hata hivyo, Pakistani huadhimisha Septemba 6 kama Siku ya Ulinzi, na India nayo hujihesabu mshindi. Mtoto wa Lahore, Pakistani, na mwenzake wa Amritsar, India, miji iliyo karibu kabisa, kila mmoja anafundishwa ushindi wake.

Kwenye Kashmir, eneo lenye Waislamu wengi ambalo nchi zote mbili zinalidai, ndiko mambo yanakonoga. Pakistani iliundwa kwa hoja kwamba Waislamu wa bara dogo la India ni taifa lao wenyewe, hivyo kwao ugawaji wa 1947, uliozitenganisha India na Pakistani, haujakamilika. India ilijijenga kama nchi isiyo ya dini moja. Kwake, eneo lenye Waislamu wengi kubaki ndani yake ni ushahidi kwamba hoja ile ilikosea. Kiongozi akilegeza kamba, haonekani kaachia ardhi tu, bali kaikana sababu ya nchi yake kuwepo. Nani atathubutu, tena uchaguzi ukiwa mlangoni?

Mizinga ipo, sikatai, na Mei 1998 pande zote zilifanya majaribio ya silaha za nyuklia. Lakini hata Ufaransa na Ujerumani ziliwahi kuonana maadui wa kurithi, na 2006 zilitoa kitabu kimoja cha historia kwa shule za nchi zote mbili. Hadithi, basi, zaweza kubadilishwa.