Kabla hujakopa CNC, jua kwanza lezi zako zinasimama muda gani

Mkuu mleta mada, nimekusoma vizuri. Una lezi tatu za kuchongea vyuma, drili moja ya kusimama na vijana sita. Kazi kubwa ni spea za mashine za kusaga na kukoboa: nyundo (vile vyuma vinavyopiga nafaka ndani ya mashine), shafti, bushi, puli. Oda zinachelewa, wateja wanaanza kuhama, na benki wako tayari kukukopesha ununue CNC ya Mchina, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Nimekaa kwenye karakana za namna hiyo muda mrefu, kwanza kama fundi wa lezi kisha msimamizi, kwa hiyo sizunguki: hizo karatasi za mkopo ziweke kabatini kwanza.

Chukua daftari. Kwa wiki moja pita kwenye kila mashine mara nyingi kwa siku, saa zisizotabirika, uandike neno moja tu: inakata au imesimama. Ikiwa imesimama, andika na sababu. Waambie vijana mapema kwamba unakagua mashine, huwakagui wao, la sivyo kila ukitokea utakuta mtu anakata hewa. Ni njia ya zamani. Mwingereza L. H. C. Tippett aliitumia kwenye viwanda vya nguo miaka ya 1930, na hadi leo haina gharama zaidi ya kalamu. Kwenye karakana niliyosimamia ilionyesha lezi zinakata chini ya nusu ya siku, wakati mafundi wanatoka jasho tangu asubuhi hadi jioni.

Jasho lilikuwa linaishia wapi? Kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona. Mfano ninaoupenda ni vipande vya kuinulia kisu. Fundi anabadilisha kisu, kinakaa chini ya senta, yaani katikati ya chuma kinachozunguka, anaanza kutafuta vipande vya msumeno au bati vya kuweka chini yake. Anajaribu kimoja, kimezidi. Anajaribu kingine, kimepungua. Anamwazima jirani. Hapo lezi imezimwa, na jirani naye kazima yake ili amsaidie kutafuta. Tulichofanya ni kufunga kila kisu na vipande vyake kwa waya mwembamba, vikakaa pamoja kwenye ubao wenye matundu pembeni ya mashine. Ukichukua kisu umechukua na urefu wake. Kunoa nako tukakutoa mchana: kijana mmoja ananoa visu vyote jioni, asubuhi kila lezi ina visu vyake tayari. Ile foleni ya kwenye grinda ikaisha.

Hapo ndipo utaelewa alichokuwa anakifanya Mjapani Shigeo Shingo pale Toyota mwaka 1969. Presi ya tani 1,000 ilikuwa inachukua saa nne kubadilishwa dai, yaani ile fomu inayolipa bati umbo. Wakaishusha hadi dakika 90, baadaye hadi dakika tatu. Msingi wake ni kutenganisha kazi ambazo lazima mashine izimwe na zile zinazoweza kuandaliwa ikiwa bado inakata. Kukata malighafi, kutafuta spana ya chaki (ile inayoshika kazi kwenye lezi), kusoma vipimo vya oda inayofuata, yote hayo deiwaka, kibarua wa siku, anaweza kuyamaliza wakati fundi yuko kwenye kazi ya sasa. Fundi wako mzuri kuliko wote akiwa ndiye anayepanda bodaboda kwenda maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kufuata beringi, hiyo ndiyo beringi ghali kuliko zote mjini.

Suala la pili ni kasi. Nenda kaangalie gia za lezi zako leo. Nakuhakikishia angalau moja imekaa kwenye mzunguko uleule tangu juzi, iwe inakata shafti au bushi. Kwa chuma laini na kisu cha HSS, kile cha chuma kigumu cha kawaida, gawa 9,500 kwa kipenyo cha milimita na utapata mizunguko kwa dakika inayofaa. Shafti ya milimita 40 inataka kama 240. Kwa mwendo wa kisu wa milimita 0.2 kwa kila mzunguko, urefu wa milimita 300 utaumaliza kwa dakika sita na ushei. Weka kisu cha kabaidi, ambacho ni kigumu zaidi, lezi ikiwa haitetemeki, upande hadi 700 hivi: dakika mbili na kidogo. Ila kabaidi inataka adabu yake. Noa kwa jiwe la kijani, lile la kijivu la kawaida haliiwezi, na usikichovye kisu kwenye maji kikiwa cha moto maana kinapasuka. Mafundi wengi wanasema kabaidi ya siku hizi feki kumbe wanaiua wenyewe kwenye ndoo.

Sasa nyundo, maana ndiyo oda yako kubwa na naamini ndiko unakokwamia. Kama unatumia springi chakavu za malori kama wengi wetu, usipambane kuzitoboa zikiwa ngumu, utamaliza biti zote. Zipashe moto hadi ziwe nyekundu, zifukie kwenye majivu makavu zipoe taratibu usiku kucha, toboa, halafu zipashe tena ncha na kuzichovya kwenye oili. Achana na kupima na kugonga senta kipande kwa kipande. Tengeneza jigi: bamba nene lenye kingo mbili za kuegemeza na bushi ngumu pale tundu linapokaa. Kijana asiyejua kusoma vernia, kile kipimo cha milimita, atatoboa nyundo zinazolingana siku nzima. Kisha weka mizani pale pale kwenye meza. Nyundo zinazokaa mkabala kwenye rota, ile sehemu inayozunguka, zikipishana uzito, mashine ya mteja inatetemeka, beringi zinakufa, na anakurudishia mzigo. Kazi inayorudi inakula muda mara mbili, na wengi hawaihesabu.

Kuna na huyu mteja wa "nichongee sasa hivi nipo njiani". Wote tunamjua. Anakuja na bushi moja ya bajaji, unavunja mpangilio uliokuwa unatoa shafti kumi, unamhudumia, halafu unaanza kusenta upya. Usimfukuze, ndiye anayeleta hela ya chai. Mtengee lezi moja, ile iliyochoka zaidi, na umtoze bei ya haraka. Mbili zilizobaki zisiguswe mpaka oda iishe.

CNC siipingi. Ukiwa na kipande kilekile kinachojirudia kwa mamia, umeme usioyumba, na mtu anayejua kuandika programu ambaye hatakukimbia, inalipa. Ila ukiipeleka kwenye karakana ambayo malighafi haijakatwa na drili ndiyo inayokwamisha kazi, itasimama kama wenzake, tofauti ni kwamba yenyewe ina marejesho kila mwezi.

Ukimaliza wiki ya daftari, rudi hapa utuwekee sababu tatu zilizoongoza. Na tuambie kazi zilizoishia njiani zimerundikana mbele ya mashine ipi. Kama ni drili, kanunue drili ya pili iliyotumika, halafu ndio tuzungumze habari za mkopo.