Gofu jangwani: uliza nyasi kabla ya bei

SWALI: Kocha, shikamoo. Tuko watu wanne na tunataka kwenda kucheza gofu jangwani kwa siku tano, Arizona au Dubai. Mmoja wetu ni baba mkwe wangu. Ana miaka 67 na anatumia dawa za presha, lakini akishika fimbo hashikiki. Nimeona Julai bei za viwanja na hoteli za Arizona zinashuka sana, nikapanga tucheze mashimo 36, yaani raundi mbili kamili, kila siku ili tufaidi pesa yetu. Kuna ubaya gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubaya upo, tena uko kwenye hiyo Julai. Bei imeshuka kwa sababu wenyeji wenyewe wamekimbilia kivulini. Phoenix, jiji la Arizona, mwezi huo joto la mchana hufika wastani wa nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na mwaka 2023 jiji hilo lilipitia siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Isitoshe, ndicho kipindi cha mvua za ghafla za kule, pamoja na radi na dhoruba za vumbi. Dubai nako kiangazi hakina nafuu: joto linakuja na unyevu wa bahari, jasho linabaki mwilini.

Wengi wanaoniandikia huanza na bei. Mimi nakuomba uanze na nyasi. Viwanja vya Arizona, na vile vya Palm Springs kule California, huwa na nyasi aina ya bermuda, ambazo hupenda joto. Usiku ukianza kupoa zinalala na kukauka rangi. Kwa hiyo kati ya Septemba na Oktoba viwanja vingi hukata bermuda karibu na udongo, vikapanda juu yake nyasi za rai zinazostahimili baridi. Uwanja hufungwa kwa wiki kadhaa na mbegu humwagiwa maji mara nyingi kwa siku. Ukifunguliwa, nyasi bado ni changa, ardhi imelowa, mpira ukianguka hauviringiki, na vigari vya kubebea wachezaji haviruhusiwi kutoka kwenye njia yao. Ninasikitika kila ninapoona watu wamelipa nauli ya mbali, wakafika Oktoba na kukuta viwanja viwili kati ya vitatu walivyovitaka vimefungwa. Kosa si lao, hakuna aliyewaambia.

Kwa Arizona, mimi ningechagua mwisho wa Aprili. Nyasi zimekomaa, asubuhi ni tamu, na bei za msimu wa watalii zimeanza kulegea. Januari ni nzuri pia, ila asubuhi kunaweza kuwa na sakitu, na uwanja hautawaruhusu kuanza mpaka iyeyuke, maana kukanyaga nyasi zilizoganda kunaziharibu. Epukeni wiki ya mashindano ya Phoenix Open pale uwanja wa TPC Scottsdale, jirani na Phoenix, mwezi wa Februari, kwa sababu hoteli hujaa. Dubai nendeni kati ya Novemba na Machi.

Mashimo 36 kwa siku, hapana. Chezeni 18, mkianza alfajiri na kumaliza kabla jua halijasimama. Mkichagua Dubai, kuna namna ya kukidhi kiu yenu: Emirates Golf Club, iliyofunguliwa mwaka 1988 ikiwa na uwanja wa kwanza wa nyasi katika eneo lile, ina uwanja wa pili uitwao Faldo wenye taa za usiku. Pumzikeni mchana, mrudi jioni kwa mashimo tisa.

Sasa baba mkwe wako, na hapa nisikilize vizuri. Katika hewa kavu jasho hukauka papo hapo, na mtu hudhani hatoki jasho kabisa. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, kwa hiyo anapoteza maji kwa njia mbili. Asiache dawa, amwone daktari wake kabla ya safari na amweleze anakokwenda. Aanze kunywa maji tangu usiku wa kabla ya mchezo, na uwanjani anywe kabla ya kusikia kiu, maji yenye chumvichumvi yakiwemo. Akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, mchezo wake umeisha siku hiyo: kivulini, maji, apozwe. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Iteni gari la wagonjwa huku mkimmwagia maji na kumpepea.

Mpira ukitoka kwenye nyasi za Arizona unaingia kwenye mawe na miiba. Ulizeni mapema kama uwanja umeweka alama nyekundu kwenye jangwa. Zikiwepo, na mkawa na hakika mpira umeingia humo, mnachukua adhabu ya pigo moja na kudondosha mpira mwingine nje bila kuufuata ule wa kwanza. Zisipokuwepo, mna dakika tatu za kuutafuta, basi. Msipenyeze mkono chini ya kichaka, kwa sababu kuna nyoka aina ya rattlesnake wanaopenda kivuli hichohicho. Kila mmoja abebe kitana mfukoni: vipande vya dungusi liitwalo cholla hung'ang'ania nguo na ngozi, na ukivishika kwa vidole miiba inahamia mkononi. Kitana huving'oa kwa mvuto mmoja. Kofia iwe pana inayofunika masikio, na losheni ya kukinga jua ipakwe upya kila baada ya saa mbili.

Kabla hujatuma hata senti moja, waandikie kila uwanja maswali matatu: nyasi za baridi mnapanda tarehe ngapi, mnafungua lini, na vigari vinaruhusiwa kwenye nyasi kuanzia lini? Wakikupa tarehe kamili, lipia. Wakizungukazunguka, tafuta uwanja mwingine.