Kwa mtafiti mpya wa kamati ya bunge: namna ya kuhoji ruzuku za sanaa

Siku utakayokabidhiwa jalada la ruzuku za sanaa, wenzako wa kamati za nishati na barabara watakutania kwamba umepewa kazi ya kupumzikia. Waache wacheke. Fungu la sanaa ni dogo karibu kila nchi, mara nyingi halifiki hata asilimia moja ya bajeti ya serikali, lakini linaweza kula mchana mzima wa kamati wakati mabilioni ya lami yamepita asubuhi bila mtu kunyoosha mkono. Sababu haina siri. Ni wabunge wachache wenye la kusema kuhusu unene wa kokoto, ila kila mmoja ana la kusema kuhusu sanamu asiyoipenda.

Kazi yako inaanzia hapo. Mbunge atakufuata koridoni na picha ya sanamu hiyo kwenye simu, atakuonyesha, kisha atataka umwandikie swali moja: fedha zote hizi kwa kitu hiki? Usibishane naye juu ya uzuri wake, hamtamaliza. Wala usimwandikie swali hilo kama lilivyo, maana shahidi atalijibu kwa hotuba ndefu kuhusu uhuru wa msanii, na kamati itatoka mikono mitupu. Mpe maswali manne mafupi. Nani aliidhinisha malipo? Kiwango cha juu anachoruhusiwa kuidhinisha peke yake ni kipi? Jopo lililomshauri lilikuwa na akina nani, na je, walisaini tamko la maslahi? Mwombaji aliyefuatia alikuwa nani, na alikosa kwa alama ngapi? Mimi hilo la mwisho ndilo nalipenda kuliko yote. Ukiona shahidi anageuka nyuma kumtazama msaidizi wake, huenda alama hazikuwahi kutolewa.

Angalia kilichotokea Australia mwaka 1973. Jumba la taifa la sanaa lilinunua mchoro wa Jackson Pollock, Blue Poles, kwa dola za Australia milioni 1.3, na nchi nzima ikaingia kwenye ubishi kama ile ni sanaa au rangi iliyomwagika. Kwa mtu wa kamati, cha kusoma ni kitu kingine. Mkurugenzi wa jumba hakuwa na mamlaka ya kuidhinisha ununuzi unaozidi dola milioni 1, kwa hiyo ombi lilipanda hadi kwa Waziri Mkuu Gough Whitlam, naye akaidhinisha na kuagiza bei itangazwe. Unaweza kuuchukia mchoro ule mpaka leo na bado ukakubali kwamba utaratibu ulifuatwa: kikomo kilikuwepo, kiliheshimiwa, aliyeruhusu kukipita anajulikana kwa jina, na mlipakodi aliambiwa bei.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1989 maseneta walizishikia bango picha za wapiga picha Robert Mapplethorpe na Andres Serrano, walizoziona hazina staha, kwa sababu zilikuwa zimeguswa na fedha za National Endowment for the Arts, chombo cha serikali kinachogawa ruzuku za sanaa. Ruzuku zenyewe zilikuwa za dola 30,000 na 15,000. Mwaka uliofuata bunge lao likaingiza kwenye sheria sharti la kuzingatia staha, wasanii wanne wakaenda mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikaliacha sharti lisimame, ingawa ililisoma kama jambo la kuzingatiwa tu na wanaochambua maombi. Katikati ya vita hiyo bajeti ya chombo ilishuka kutoka takriban dola milioni 162 mwaka 1995 hadi takriban milioni 99 mwaka 1996, na ruzuku kwa msanii mmoja mmoja zikafutwa isipokuwa kwa waandishi na tuzo chache. Watu wa fani yetu hupenda kusema maseneta wale walishindwa. Sikubaliani. Walipata walichokitaka. Ila ukitafuta kwenye mijadala ile kama fedha zilisimamiwa vizuri au vibaya, utaambulia kidogo sana.

Jambo la pili utakaloambiwa mapema ni kwamba serikali haipaswi kumchagua msanii. Inatoa fedha, chombo huru kinaamua apewe nani. Mfumo huo ulioigwa na nchi nyingi ulipata sura yake Uingereza kupitia Arts Council, yaani baraza la sanaa, iliyopewa hati ya kifalme Agosti 1946, miezi michache baada ya kifo cha mchumi John Maynard Keynes aliyeupigania. Ni mfumo mzuri, nami ningeutetea mbele ya waziri yeyote. Lakini jihadhari, kwa sababu umbali huo hugeuzwa kichaka cha kujifichia. Ukimuuliza waziri, anasema uamuzi ni wa baraza. Ukiliuliza baraza, linasema lilifuata maelekezo ya wizara.

Mwaka 2022 huko England waziri wa utamaduni aliagiza sehemu ya fedha zitoke London ziende maeneo mengine. Novemba mwaka huo Arts Council England ikatangaza kuiondoa English National Opera ya London, iliyokuwa ikipokea takriban pauni milioni 12.6 kwa mwaka, kwenye orodha ya taasisi zinazofadhiliwa mfululizo, na badala yake ikaipa fedha za kujipanga kuhama. Nani alikata? Ramani ilitoka kwa waziri, jina likatoka kwa baraza. Ukikutana na jambo la sura hiyo, omba barua ya maelekezo kwanza, halafu muhtasari wa kikao cha baraza, halafu tathmini ya wataalamu wake, kisha uvipange kwa tarehe. Tathmini iliyoandikwa baada ya kikao kilichokwisha kuamua ni ugunduzi tosha wa taarifa nzima.

Kesi ambayo ningependa kila anayeanza aisome ni ya Royal Opera House ya London. Mwaka 1997 kamati ya utamaduni ya bunge la Uingereza, chini ya Gerald Kaufman, iliichunguza nyumba hiyo ambayo mbali na ruzuku yake ya kila mwaka ilikuwa imepewa karibu pauni milioni 78 za bahati nasibu ya taifa kwa ajili ya ukarabati. Kamati haikupoteza muda kubishana kama opera ni ya matajiri au ya watu wote, ingawa hamu ya kufanya hivyo haikukosekana. Iliuliza kuhusu madeni, mpango wa kipindi ambacho jengo lingefungwa, na uteuzi. Katibu mkuu wa Arts Council of England, chombo kinachotoa ruzuku, alikuwa amehamia kuwa mkurugenzi mtendaji wa nyumba inayoipokea, na nafasi haikutangazwa. Taarifa ya Desemba ilitaka bodi na mkurugenzi mtendaji waondoke. Mwenyekiti wa bodi akajiuzulu, bodi ikafuata. Hakuna mwanamuziki aliyepoteza wimbo hata mmoja kwa sababu ya maswali yale.

Sasa karatasi, maana ndizo utakazolala nazo. Zoea kutenganisha fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na hazina, na zilizomfikia mlengwa. Vitabu vya bajeti vinakuonyesha za kwanza, hotuba za mawaziri hutaja hizo hizo, na msanii anaishi kwa za tatu. Uingereza ilipotangaza mfuko wa pauni bilioni 1.57 wa kuokoa utamaduni Julai 2020, mkaguzi wao alipotoa taarifa Machi 2021 sehemu kubwa ya fedha ilikuwa bado haijawafikia waliokusudiwa. Na huo ulikuwa mfuko wa dharura, wenye macho ya kila mtu juu yake. Kwenye ruzuku za kawaida uliza tarehe ya malipo na tarehe ya tamasha. Fedha zikiingia baada ya jukwaa kubomolewa, kikundi kimeshakopa, na riba ya mkopo huo haionekani kwenye hesabu za serikali popote.

Hati safi ya ukaguzi isikutulize. Inasema hesabu zimeandikwa ipasavyo, haisemi uamuzi ulikuwa wa haki. Kama ofisi ya mkaguzi imefanya ukaguzi wa ufanisi, ule unaouliza fedha zilitumika vizuri kiasi gani, huo ndio uanze nao.

Orodha ya wanufaika ukiipata kwa herufi, ipange upya kwa anwani, kisha kwa majina ya wakurugenzi. Asasi tatu zenye majina matatu mazuri na sanduku la posta moja zitajitokeza zenyewe. Lakini usikimbilie kuandika neno ufisadi. Vikundi vya sanaa hugawana ofisi, mhasibu, hata vipaza sauti, kwa sababu hakuna anayeweza kulipia peke yake. Piga simu kwanza. Nusu ya mambo yatakayokutoa jasho usiku yana maelezo ya kawaida kabisa, na mbunge aliyetuhumu watu bure mbele ya kamera hatakuamini tena.

Kwenye mashahidi, kosa linalorudiwa na kamati nyingi ni kuwaita waliopata tu. Waliopata watashukuru, utatarajia nini? Tafuta walioomba wakakosa. Wengi wataogopa kusema hadharani kwa kuwa mwakani wataomba tena kwa watu wale wale, kwa hiyo ongea na katibu wa kamati mapema kama kanuni zenu zinaruhusu ushahidi wa maandishi usiotaja jina.

Na utasikia sentensi hii, hakika utaisikia: sanaa haipimiki. Usiipinge, wala usimlazimishe mtu akuletee idadi ya tiketi kana kwamba tiketi ndiyo kazi yote. Fungua mkataba wa ruzuku ukurasa wa malengo. Kama kikundi kiliahidi kufundisha vijana kucheza ngoma katika wilaya fulani, kiulize kiliwafundisha wapi na lini. Kila mtu hupimwa kwa alichoahidi mwenyewe, na msanii wa kweli hukasirikia swali hilo mara chache kuliko mratibu wake.

Mapendekezo yako yakisema tu kwamba usimamizi uboreshwe, majibu yatasema ushauri umepokelewa na unafanyiwa kazi, na hapo mtakuwa mmetoka sare, hakuna kilichobadilika. Andika nani afanye nini, kufikia tarehe gani, na hati gani iletwe kama uthibitisho. Weka jedwali: pendekezo, aliyejibu, alichoahidi, kilicholetwa. Mwaka unaofuata, jedwali hilo liwe ukurasa wa kwanza wa maandalizi ya mwenyekiti, kabla ya takwimu yoyote mpya. Maafisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, huzoea haraka. Baadhi yao wataanza kukupigia simu wiki kadhaa kabla ya kikao kuuliza ni safu zipi bado ziko tupu. Watajie.