Usinunue rola za nailoni kabla hujaangalia sakafu ya ghala

Mkuu wa Lindi unayeuliza rola za paleti jeki (kile kitoroli cha mkono cha kunyanyulia mapaleti) ununue za nailoni au PU (poliurethani, plastiki inayobonyea kama mpira), bei ikoje, wapi zinapatikana na kama ubadilishe pamoja na zile tairi kubwa za kwenye usukani: hiyo hela usitume kwanza! Huyo anayekwambia "chukua nailoni, ngumu, utasahau kubadilisha" nadhani kasoma chuo kimoja na aliyeniuzia mimi.

Ghala langu la kukodi huku Mtwara lina zege la kizamani, juu limepigwa niru, nyufa hapa na pale. Mwezi wa kumi huo, korosho zinaanza kuingia, jeki zimechoka. Muuzaji akaniletea za nailoni, akapima kipenyo, akapima upana, akaangalia pini, akasema zinaingia. Na kweli ziliingia! Jeki ikawa nyepesi, vijana wanavuta wanaimba, mimi nikajiona mjanja. Swali moja tu hakuuliza, zinatembea juu ya nini.

Sasa piga hesabu mwenyewe, gunia la korosho kilo 80, ukipanga magunia 20 hiyo ni tani 1.6, na sehemu kubwa ya huo uzito inatua kwenye virola vya milimita 80, halafu nailoni haibonyei, kwa hiyo inakanyaga sakafu kwenye kamstari kembamba tu. Niru ikaanza kumeguka kwenye maungio, pakawa na kishimo, rola ikidumbukia inagonga ukingo, ukingo nao unameguka, kishimo kinakua, na vumbi la simenti lote linahamia kwenye magunia. Tena rola ngumu ikikuta kokoto haipandi, inakwama ghafla, siku moja mzigo ukaporomoka pale mlangoni, ashukuriwe Mungu kuli alikuwa kasimama upande wa pili. Mwenye ghala alipokuja kukagua hakusema kitu, alizunguka tu na tochi. Amana yangu yote ikaishia kwenye simenti na nikaongezea juu. Nampigia muuzaji, eti "lakini rola si nzima bosi?" Nzima kweli! Mpaka leo nzima, sakafu ndo marehemu.

Kwa hiyo sakafu kwanza, rola baadaye. Kama ni niru, zege lenye nyufa au ghala la kukodi, weka PU. Inabonyea kidogo, haili sakafu, haipigi makelele. Nailoni iache kwa mwenye zege zito, laini, lisilo na mapengo, au sehemu inayomwagiwa maji kila siku. Na PU nayo usidanganyike, angalia kiini, kiwe cha chuma na PU imeshika vizuri, zile za kiini cha plastiki, kwa joto letu hili na unyevu wa pwani, PU inachomoka kama soksi. Fagia misumari ya mapaleti maana inazama humo humo, na usiache jeki imebeba mzigo usiku kucha, rola inapata ubapa halafu asubuhi inadunda.

Upana pima kwenye uma, sio kwenye rola iliyoisha. Na kabla ya yote piga picha sakafu yako, hasa mlangoni na kwenye maungio, iweke hapa tuione.