Barua kwa mwanangu: kabla hujaingia kwa daktari wa akina mama

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza ubebe nini na useme nini Alhamisi ijayo ukishuka kutoka Kondoa kumwona daktari bingwa pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, maana kwenye rufaa wamekuandikia "endometriosisi" na alama ya kuuliza mbele yake.

Alama hiyo ina maana yake. Huu ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inaota nje ya kizazi: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo au kibofu. Huko nako inafuata homoni za mwezi, inaleta uvimbe na makovu, na viungo vinaweza kushikana. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Kwa hiyo daktari ataanzia kwenye maelezo yako, na hapo ndipo wengi wanapokwama. "Tumbo linauma sana" halimsaidii. Tumbo la nani halijawahi kuuma? Atakwambia ni chango, akuandikie dawa ya maumivu, urudi nyumbani.

Chukua daftari, uandike miezi mitatu iliyopita. Tarehe ulizosahau zitafute kwenye simu: meseji za kuomba ruhusa kazini zina tarehe zake. Mstari mmoja kwa siku unatosha, mfano: "Tarehe 3, siku ya kwanza ya hedhi. Maumivu 8 kati ya 10, kiunoni hadi mapajani. Ibuprofeni miligramu 400 saa 1 asubuhi, yakashuka hadi 5. Pedi 6. Sikwenda kazini." Siku ambazo huna hedhi ila unaumwa, ziandike pia. Halafu yale tunayoyaonea aibu: kama haja kubwa inauma wakati wa hedhi, kama mkojo unauma ilhali vipimo vya UTI vinatoka safi, kama tendo la ndoa linauma kwa ndani kabisa na si mlangoni. Hayo matatu yana uzito kuliko yote. Ukiona mdomo unakuwa mzito, mpe daftari asome mwenyewe.

Beba makaratasi yote ya zamani, hata ya zahanati. Andika ni mara ngapi ulitibiwa PID (maambukizi ya via vya uzazi) au UTI, na dawa gani. Antibayotiki zilizorudiwa mara tatu, na maumivu bado yanarudi na hedhi, hiyo ni habari kubwa kwa daktari. Waulize pia shangazi na mama wadogo kama kuna aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa huu, kwa sababu hutembea kwenye ukoo.

Ultrasaundi ziko mbili. Ya juu ya tumbo inataka kibofu kilichojaa: glasi 4 za maji saa moja kabla, na usiende chooni. Ya ukeni inataka kibofu kitupu, na inaona vizuri zaidi. Kama hujawahi kukutana na mwanaume, sema mapema, hiyo ya ukeni hawatakufanyia. Una haki ya kuomba nesi wa kike asimame pembeni. Ukikuta hedhi imeanza siku hiyo, nenda tu.

Sasa shika hili: ultrasaundi ikitoka safi, haijasema huna ugonjwa. Inaweza kuona uvimbe wa damu nzito kwenye ovari, lakini madoa madogo yaliyotandaa juu juu haiyaoni. Hapo uliza: "Tunaanza matibabu kwa dalili, au nahitaji MRI au laparoskopi?" MRI ni mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Laparoskopi ni upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, na siku hizi si lazima uanze nayo ndipo upewe dawa.

Dawa zenyewe mara nyingi ni za homoni: vidonge vya majira, sindano, kijiti au kitanzi chenye homoni. Zinatuliza maumivu, haziondoi ugonjwa, na nyingi zinazuia mimba. Kwa hiyo kama mnataka mtoto mwaka huu, liwe sentensi yako ya kwanza, kwani mpango mzima unabadilika. Anayekwambia "zaa tu utapona" usimsikilize.

Hadi siku hiyo, ibuprofeni ni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya uji, kuanzia dalili ya kwanza na si maumivu yakishapanda. Usichanganye na diklofenaki. Kama una vidonda vya tumbo, au hedhi imechelewa, iache. Ikichelewa pima mimba kwanza. Maumivu ya ghafla yenye kuzimia, homa, au damu inayojaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, usisubiri Alhamisi.

Kadi ya bima, fomu ya rufaa na kitambulisho viweke pamoja na daftari. Njoo Jumatano ulale hapa, asubuhi tutoke mapema.

Mama yako